Kijiti Kilichoikimbia Sumaku

Mgeni akifika kwetu Mikinduri, kabla hajapewa hata stuli ya kukalia, baba yangu Kiambi alikuwa na swali lake: "Huo mkanda wako, hiyo ya mbele ni chuma ama ni rangi tu?" Mgeni akiinama kujiangalia tumboni, baba ameshatoa sumaku mfukoni na kuigusisha. Ikishika, alitabasamu. Isiposhika, alitabasamu zaidi, maana sasa kulikuwa na jambo la kuzungumzia mpaka chai iive.

Mimi ni Kanana, kifungua mimba wake, na aibu hiyo nimeionja tangu utoto. Alipima ndoo, alipima vifungo, alipima mguu wa kitanda cha jirani. Siku moja alimwomba katekista afungue kinywa apime jino lake linalong'aa, na yule mtu wa Mungu, kwa upole wake, akafungua. Halikushika. Baba alirudi nyumbani akiimba.

Sumaku yake ya kwanza aliitoa kwenye spika ya kanisa iliyokuwa imekufa. Wakati huo alikuwa na kisiagi, mashine ya kusaga unga, pale sokoni, na mahindi ya watu huja na mengi: misumari, vipande vya waya, siku nyingine hereni. Msumari ukiingia ndani ya kisiagi, chekecheo linatoboka na mwenye unga anakula vyuma. Baba aliifunga ile sumaku pale mahindi yanapoingilia. Jioni aliifungua na kuangalia imenasa nini siku hiyo, akionyesha kila mtu, hata wasiotaka kuonyeshwa.

Vumbi la unga lilipomharibu kifua aliuza kisiagi akabaki na miraa yake ya shambani. Sumaku hakuiuza. Alituambia sisi watoto, mimi na mdogo wangu Karambu, kwamba dunia imegawanyika mara mbili tu: kuna vitu vinavyoitika sumaku, na kuna vitu visivyojali. Chuma huitika. Kuni, maji, sufuria, mahindi, shilingi za zamani, hivyo havijali. Alisema hivyo kwa uhakika wa mtu aliyeshika kila kitu katika kata nzima.

Sasa niseme habari ya kisu, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea.

Kwetu Tigania, kijana akitaka binti wa mtu, watu wake huleta ncoolo, kitita cha miraa ya posa kilichofungwa vizuri kwa majani ya ndizi. Baba alikuwa na sheria yake juu ya kitita hicho, aliyosema ni ya mlango wao na aliirithi kwa babu: miraa ya posa haiguswi na chuma. Inavunjwa kwa mkono, inafungwa kwa kamba ya mgomba, basi. Kama majirani zetu wanaishika sheria hiyo sijui. Baba aliishika.

Mimi niliolewa, nikakaa kwa mume miaka michache, kisha nikarudi nyumbani na sanduku langu. Hakukuwa na vita. Mume alipoa tu, akaanza kulala kwingine, na siku moja akaniambia nisimpikie tena. Nilipofika Mikinduri, soko zima lilikuwa na hamu ya kujua nimefanya nini. Mwanamke akirudishwa, wanasema, lazima kuna kitu. Na kabla hawajapata cha kusema, baba aliwapa yeye mwenyewe. Alisimama nje ya kanisa akawaambia wazee kwamba miraa ya posa yangu ilikuwa imekatwa kwa kisu, kwamba aliona alama za kisu siku ile akanyamaza, na ndoa iliyoguswa na chuma haiwezi kushika.

Wakaamini, au wakaona ni vizuri kuamini. Wakaniacha. Nilinunua cherehani, nikapata kibanda sokoni, na wanawake walioniteta walinishonesha sare za watoto wao. Lakini mimi nilichukia habari hiyo ya kisu. Nilichukia hasa pale mtu aliponiangalia kwa huruma na kusema, "Pole mama, ni kile kisu." Nilikuwa najiuliza, baba yangu anayepima kila kitu, hiki mbona hakukipima?

Karambu alienda Embu kufundisha watoto wa nasari, na huko akakutana na Mwaniki. Mwaniki ni mtu wa kijiji cha Kanja, lakini alikuwa amepanga chumba mtaa wa Majimbo, akitengeneza kompyuta pale mjini. Mara ya kwanza alipokuja kutusalimia alimletea baba zawadi iliyofungwa ndani ya soksi. Ilikuwa sumaku iliyotoka ndani ya kompyuta mbovu, nyembamba, imepinda kidogo, haifiki hata nusu ya kiganja.

"Mzee, chunga kidole," Mwaniki alimwambia. "Hii haina mchezo."

Baba aliicheka. Ilikuwa ndogo mno mbele ya ile ya spika. Kisha akaisogeza karibu na panga lililokuwa ukutani, ikamponyoka mkononi ikaruka yenyewe na kugonga panga kwa kishindo. Ilibidi waivute wawili kuibandua. Baba alimtazama yule kijana wa Embu kwa macho mengine kabisa, na mimi nikamnong'oneza Karambu kwamba hapo ameshaolewa.

Nilikosea, kama utakavyoona.

Siku chache baada ya zawadi hiyo, baba alikuwa amekaa barazani akitafuna miraa yake ya mchana. Kijiti kimoja kilikuwa kimenaswa na uzi wa mgomba, kinaning'inia hewani, kimelala sawasawa. Alikuwa ameshika sumaku mpya, kama kawaida yake, akaisogeza kuchukua kile kijiti. Kijiti kikageuka kikaenda kando. Akaisogeza tena. Kikaenda kando tena, polepole.

"Kanana! Kuja hapa! Acha hiyo cherehani!"

Nilikuja na pini bado mdomoni. Akanionyesha. Nikamwambia ni pumzi yake inayokisukuma.

"Pumzi gani? Nimefunga mdomo."

"Na pua je?"

Alifunga na pua. Kijiti kikasogea. Nikamwambia basi ni upepo. Nilisema hivyo nikiwa na hasira kidogo, kwa sababu nilikuwa na gauni la harusi la mtu mezani. Lakini jicho langu lilikuwa limeona, na nikajikuta nimekaa.

Tukatafuta namna ya kuzuia upepo. Niliomba dukani mtungi wa plastiki wa peremende, ule mkubwa unaoonyesha ndani. Kamba ya mgomba ilikuwa nzito na ngumu, ikijigeuza yenyewe, kwa hiyo niling'oa unywele mmoja wa rasta nilizokuwa nimesukwa, tukafunga kijiti katikati, tukakining'iniza kutoka kwenye kifuniko, tukafunga mtungi. Humo ndani hakuna pumzi wala upepo. Tukasubiri kitulie. Kisha baba akaleta sumaku kwa nje, akaigusisha kwenye plastiki, pale ncha ya kijiti ilipokuwa.

Kwa muda kidogo hakukuwa na kitu. Halafu ncha ikaanza kuondoka. Iliondoka taratibu sana, ukipepesa macho unaweza kusema hujaona. Lakini iliondoka.

Baba akaigeuza sumaku upande wa pili. Yeye alijua, na mimi nilijua kwa kucheza na sumaku zake utotoni, kwamba sumaku mbili zikikataana, ukigeuza moja zinapendana. Kwa hiyo tulitegemea sasa kijiti kije. Hakikuja. Kiliukimbia upande huu kama kilivyoukimbia ule.

"Aii," baba alisema, akaigeuza tena.

Wiki hiyo sikushona kitu cha maana. Tulining'iniza kipande cha nyanya, kikakimbia. Kiazi, kikakimbia. Mshumaa, mfupa wa kuku, kipande cha chaki yangu ya kuchorea nguo, vyote vikakimbia, kingine kwa nguvu kidogo, kingine kwa uvivu mpaka tukachoka kungoja. Risasi ya penseli, ile nyeusi ya ndani, ilikimbia kuliko vyote, mpaka baba akapiga kofi. Mtu mzima mwenye mvi, amekaa chini barazani, anashangilia penseli.

"Miaka hii yote," aliniambia, "nimekuwa nasema hivi vitu havijali. Kumbe vinakataa. Vinakataa pole pole, na hakuna mtu alikuwa na subira ya kuangalia."

Furaha yake iliniambukiza, nakiri. Lakini kisha akaleta lile neno. Alisema sasa tumeona kwa macho: miraa inakimbia chuma, ndiyo maana babu alikataza kisu.

"Na nyanya?" nikamuuliza. "Nyanya nayo babu alisemaje?"

"Nyanya pia haipendi kisu," alijibu, na akabeba mtungi wake akaingia ndani. Niliona amekasirika, na nikaona pia hakuniangalia usoni.

Sasa tuje kwenye posa. Ilikuwa Jumamosi. Mwaniki alifika na wazee wake na mama yake, Wambeti, mwanamke mnyamavu, mnene, mwenye mikono safi. Wazee wetu walikuwa wamekaa tayari, mbele yao Mzee Kathuri, binamu wa baba, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo. Baba alifungua majani ya ndizi. Miraa ilikuwa nzuri, nyekundu, mbichi. Kisha nikaona mikono yake imesimama.

Ncha zote za chini zilikuwa sawasawa, zimekatwa kwa mstari mmoja, safi kabisa.

Wambeti aliona baba anavyoangalia, akafikiri anasifiwa. "Nilizinyoosha mwenyewe, Baba Kanana," alisema. "Zilikuwa zimeenda juu na chini."

Baadaye tulielewa. Huko kwao Kanja, Wambeti ndiye anayepanga maua ya kanisa. Kila Jumapili, kwa miaka, amekata vikonyo vya maua kwa kisu kikali ili vikae sawa mbele ya madhabahu. Kwao wanajua muguka, ambayo ni majani matupu ya kutafuna. Kitita cha miraa ya posa hakuwahi kukishika. Mwaniki alinunua miraa sokoni kwetu siku iliyotangulia akaipeleka nyumbani, na mama alipoiona imekaa ovyo aliiheshimu kwa namna anayoijua. Alikuwa amekinoa kisu asubuhi hiyo hiyo.

Baba alifunga majani. "Hii imeguswa na chuma," alisema. "Siwezi kuipokea."

Hakuna aliyepiga kelele. Wazee wa Embu walitazamana. Karambu alisimama mlangoni na sinia la vikombe, kisha akageuka akarudi nalo jikoni. Nilimchukia baba siku hiyo. Nilisema moyoni, kisu kimoja kimeshatosha kwa nyumba moja.

Wageni walilala pale Mikinduri katika nyumba ya kulala wageni. Jumapili, baada ya kanisa, wazee wao wakiwa bado wanashauriana kuhusu kurudi, Wambeti alikuja kwetu na Mwaniki peke yao. Kile kitita alikibeba kifuani. Hakukaa.

"Baba Kanana," alisema, "mtoto wangu ananiambia uko na sumaku inajua kukataa. Ati unapima nayo kila kitu. Basi nimekuja unipimie hii. Kama nimeharibu, nataka nione nimeharibu nini."

Hakusema kwa kiburi. Alitaka kujua kweli, kama sisi tulivyotaka kujua habari ya kiazi. Na nadhani hilo ndilo lililomshika baba. Angekuja kulia, angekataa. Angekuja kugombana, angekataa mara mbili.

Baba alifikiri. Kisha akasema, "Sawa. Mtaona kijiti kilichovunjwa na mkono kinavyokimbia. Tutaweka hiki cha kisu. Kikikimbia kama kile kingine, nitaipokea miraa yako na wazee warudi leo. Kikija kwa sumaku, mama, utanisamehe."

Karambu akanishika mkono. Niling'oa unywele mwingine.

Kwanza tukaweka kijiti cha shambani kwetu, kilichovunjwa kwa mkono. Baba akaleta sumaku. Kikaondoka polepole, kama siku zote. Wambeti aliinama mpaka pua ikakaribia mtungi, akasema, "Haki ya Mungu." Kisha tukakitoa, tukafunga kimoja cha kwake, ncha iliyokatwa ikiangalia upande wa sumaku. Tukangoja kitulie. Nasema wazi kwamba niliomba Mungu kikimbie, na sikuwa naomba kwa ajili ya Karambu tu. Nilitaka kisu kile cha zamani kionekane ni upuuzi, mbele ya baba, kwa sumaku yake mwenyewe.

Baba alileta sumaku. Ilikuwa bado haijafika kwenye plastiki wakati kijiti kiligeuka. Hakikuchukua muda wowote. Kilikuja mbio, ncha ikagonga ukuta wa mtungi mbele ya sumaku ikabaki pale pale.

Karambu aliniachia mkono. Nikaona siku ya posa yangu, na mume wangu, na sanduku, na nikawaza, basi ilikuwa kweli. Kuna kitu kiliingia siku ile na hakuna aliyekiona.

Lakini baba hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Alionekana mgonjwa. Aliendelea kusogeza sumaku juu na chini, na ile ncha ikimfuata juu na chini. Kisha ukunjo ukaingia kati ya nyusi zake, ukunjo ule wa kisiagi, wa mtu anayeangalia sumaku imenasa nini leo.

Akafungua mtungi, akakitoa kijiti, akaenda nacho mlangoni penye jua. Alikitazama kwa karibu sana. Akakipitisha juu ya kucha ya kidole gumba.

"Mama Mwaniki," aliita. "Kisu ulinoa na nini?"

"Na tupa. Ile ya mume wangu ya kunoa panga."

"Ukakifuta?"

Wambeti aliwaza. "Sikufuta."

Baba alitunyooshea kucha yake. Juu yake kulikuwa na vumbi jeusi kidogo, linalong'aa ukiligeuza. "Huu ni unga wa chuma," alisema. "Umeshikwa na utomvu. Hiki kijiti hakikuja. Kililetwa na huu unga."

Mwaniki, aliyekuwa kimya muda wote kwa adabu ya mkwe, aliomba ruhusa ya kusema. Akasema alivyosoma ni kwamba karibu kila kitu kina tabia hiyo ya kusukumwa na sumaku: maji, mti, mfupa, hata sisi wenyewe tuliokaa hapa. Lakini ni msukumo mdogo sana. Pakiwa na chuma, hata chembe, mvuto wa chuma ni mkubwa mno na unaufunika. "Kwa hivyo hata hiki kinakataa, Mzee," alisema. "Bado kinakataa sahi hii. Tu hatuwezi kuona."

"Tutajuaje?" baba aliuliza haraka.

"Si tukioshe," alisema Wambeti.

Alikichukua kijiti akaenda kwenye mfereji wa nje. Alikiosha kwa sabuni, akaisugua ile ncha kwa kucha, akasuuza, akaifuta kwa upindo wa leso yake, akasuuza tena. Aliosha kwa uangalifu wa mtu anayeosha masikio ya mtoto. Tukakifunga tena kwa unywele ule ule. Tukangoja kikauke na kitulie, na kungoja huko kulikuwa kurefu kuliko mahubiri ya asubuhi.

Baba alileta sumaku. Ikafika kwenye plastiki. Kijiti hakikuja. Tukakaza macho. Kisha ncha, ile ile iliyokatwa kwa kisu, ikaanza kuondoka, taratibu, kwa uvivu, ikaenda zake upande mwingine.

Baba akageuza sumaku. Ikaendelea kwenda.

Karambu alipiga yowe la furaha ambalo mkwe hapaswi kulisikia. Baba aliweka sumaku chini, akajifuta uso mzima kwa kofia yake. "Mwaniki, kawaite wazee," alisema. "Na nyinyi wanawake, osheni zote."

Wambeti na Karambu wakatoa karai kubwa nje wakaanza kuosha miraa, kijiti kimoja kimoja, wakicheka. Watoto wa jirani walikuja kuangalia, maana hakuna aliyewahi kuona miraa inafuliwa. Mimi nilibaki ndani na baba. Sikuweza kucheka. Nilikuwa na uchungu, na uchungu wangu huwa unatoka kwa ukali.

"Kwa hiyo yangu ingeoshwa tu," nikamwambia. "Maji ya karai moja. Na mimi nimebeba hicho kisu miaka yote hii."

Aliketi. Akauvuta mtungi karibu.

"Kanana, yako haikukatwa na kisu."

Sikuelewa. Nikamwambia arudie.

"Ilivunjwa na mkono. Ilikuwa safi. Wale watu walileta miraa safi kabisa." Alikuwa anaongea huku akiangalia mtungi. "Uliporudi, kila mtu alikuwa anataka kujua ni nani mbaya. Walikuwa wanakuja hapa na sukari, ati wanakusalimia, kumbe wanatafuta. Nilijua watakutafuta mpaka wakuvunje. Nikawapa kisu. Kisu hakisikii uchungu."

Nilikaa kwenye mfuko wa mbolea uliokuwa pale.

"Na jana?" nikauliza. "Jana ulikuwa unamkataza Karambu kwa kitu cha uongo?"

"Jana niliona zile ncha nikaogopa. Ningepokea miraa ya kisu kwa Karambu, na Kathuri amekaa pale anaangalia, kesho angesema nini? Angesema, kumbe kisu si kitu. Kwa hiyo shida ilikuwa Kanana." Akavuta pumzi, kifua kikalia. "Nina mabinti wawili. Sikuona njia ya kupitisha mmoja bila kumkanyaga mwingine. Huyu mama alipoleta habari ya kupima nikasema, basi, wacha sumaku iamue, mimi nimeshindwa."

Nilikuwa nimekaa na hasira kwa baba yangu kwa miaka, na nikatafuta hasira hiyo pale nilipoiacha, sikuiona. Nilimpenda sana saa hiyo. Sikumwambia. Kwetu hatusemi. Niliokota kofia yake iliyoanguka chini nikampa.

Wazee wakarudi. Miraa ikaletwa imefungwa upya kwa majani mabichi, maji yakidondoka. Baba akaifungua mbele ya wote, na zile ncha zilizokatwa zilionekana wazi kama jana. Mzee Kathuri hakuchelewa.

"Kiambi, jana ulituambia hii imeguswa na chuma. Leo unaipokea. Chuma kimeenda wapi?"

"Kilikuwapo," baba alisema. "Nimekiona kwa macho, kiko hapa kwenye kucha. Kimeoshwa na maji, na nimepima."

Wazee wakanong'ona. Walimjua mtu wao. Akisema amepima, amepima. Mzee mmoja wa Embu akaomba aone mtungi. Nilifikiri tumepita. Lakini Kathuri alikuwa bado anatafuna neno.

"Hiyo ni sawa," alisema. "Lakini kama ni jambo la kuoshwa na maji, ya Kanana mbona haikuoshwa?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Watu wote hawakuniangalia, kwa namna ile ya watu wanaokuona vizuri sana. Baba angeweza kusema lolote. Angeweza kusema kisu changu kilikuwa kibaya zaidi. Angeweza kukohoa, kifua chake kilikuwa na ruhusa ya kukohoa wakati wowote.

Baba alisimama.

"Kwa sababu mimi sikujua kwamba maji yanatosha," alisema. "Sikupima. Mimi ninayepima mikanda ya watu, hiyo sikupima. Mtoto wangu hakuwa na kosa hata moja, tangu siku aliyotoka hapa mpaka siku aliyorudi. Kosa lilikuwa la baba yake, na mniandikie mimi."

Kathuri alichukua kijiti kwenye kitita, akaanza kutafuna, na wazee wengine wakanyoosha mikono.

Mimi nilizunguka na birika nikamimina chai. Nilipofika kwa baba nilimwagia kidogo kwenye kisahani. Aliinua uso, akaniona ninalia mbele ya wakwe, na hakuniambia niache. Alisogeza tu sumaku kando isilowe.